Mguno wa Ngiri Nyuma ya Kichaka

Nani kati yenu huvuta tumbo ndani akipita mbele za watu, halafu akishakata kona analiachia, pwaaa? Msiangaliane. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, kale ya ngiri kuwa na kiuno, Ngiri aliishi shimoni na mkewe na watoto. Nyumba ilikuwa na desturi yake. Adui akitokea, watoto wanaingia kwanza. Mama anafuata. Baba anaingia mwisho, tena kinyumenyume, meno yabaki mlangoni. Simba akichungulia, anakutana na meno. Anaondoka.

Basi Ngiri akanenepa. Akala, akala, akala. Siku moja akaingia kinyumenyume, akakwama. Akajisukuma, hii! Akapita, ngozi imechubuka.

"Baba Chonge," mkewe akasema, "kiuno kimekwenda wapi?"

"Kiuno kipo. Shimo ndilo limenywea. Huoni jua hili?"

Mkewe hakubishana. Akamwita jirani yao Nguchiro, mwembamba, mwepesi, hana simile, awafundishe mazoezi ya kiuno.

"Viwiko chini!" akasema Nguchiro. "Mgongo unyooke. Toa pumzi, fuuu! Kitovu kikaguse mgongo. Kaa hapo hapo!"

Mama Chonge akapiga viwiko, fuuu! Watoto wakapiga viwiko, fuuu! Wakaanguka, wakacheka, wakaanza tena.

"Mimi ni mtu mzima," akasema Ngiri. "Nitafanyia nyuma ya kichaka."

Kila asubuhi, nyuma ya kichaka: hii! hii! hii! Viwiko chini, makalio juu, mkia umesimama wima.

Swala akapita. "Shikamoo, Mzee! Hongera kwa mazoezi!"

"Marahaba, mwanangu. Yanataka moyo! Hii! Kracha-kracha. Hii!"

"Hiyo kracha-kracha ni nini, Mzee?"

"Mifupa inalia. Uzee, mwanangu."

Swala akaenda kumsifu mbuga nzima. Kiuno cha Mama Chonge kikarudi, tumbo likakaza kama ubao. La Ngiri likazidi kuning'inia.

"Baba Chonge, mbona tumbo liko vilevile?"

"Hilo si tumbo. Ni misuli, imelala."

Siku hiyo sasa: nguruuum! Simba! Watoto ndani, pu! pu! pu! Mama ndani, pu! Ngiri kinyumenyume... kwa! Kiuno kikagoma. Nusu nyumbani, nusu nje.

Simba akaja polepole, akilamba midomo. "Meno nayaona," akasema. "Lakini na shingo naiona."

Kule ndani Mama Chonge akamkamata miguu. "Toa pumzi! Kama kila asubuhi!"

"Siwezi!" Ngiri alikuwa ameibana pumzi kwa woga, tumbo limevimba kama ngoma.

"Huwezi? Kila asubuhi ulikuwa unafanya nini nyuma ya kile kichaka?"

Simba akasimama. Akatega sikio. Hata yeye alitaka kujua.

Ngiri akafumba macho. "NILIKUWA NAKULA VIAZI! Nilikuwa naguna na kula, naguna na kula, viazi vitamuuuuu!"

Maneno yakatoka na pumzi yote, fuuuuu! Tumbo likabonyea. Mama Chonge akakaza lake, akavuta. Pwaa! Ngiri ndani! Simba akaruka, pua ikatua kwenye meno. Aiii! Akaondoka akichechemea, ingawa kilichoumia kilikuwa pua.

Shimoni humo walicheka mpaka udongo ukadondoka.

Asubuhi iliyofuata Ngiri alipiga viwiko mbele ya mlango, peupe. Fuuu! Akaanguka. Watoto wakacheka, naye akacheka, akaanza tena. Swala akapita.

"Shikamoo, Mzee! Leo mifupa hailii?"

"Marahaba." Ngiri akatazama chini, kisha akasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Haikulia hata siku moja, mwanangu. Vilikuwa viazi."

Kiuno hakipungui kwa kuguna, wanangu, na ninyi wakubwa mliokaa nyuma pia. Kinapungua kwa mazoezi yanayofanywa kweli. Hadithi yangu imeshaingia shimoni, kinyumenyume. Haya, achieni matumbo.