Ko, Po, na Mti Mzima

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, siku ya Jumatano, saa mbili u nusu ya asubuhi. Wapo wasemao ilikuwa adhuhuri. Sivyo; umande ulikuwa ungali majanini. Saa hiyo Kigong'ota, ndege agongaye miti kwa mdomo, alikuwa kazini.

Miti miwili ilikuwa imelala juu ya mto. Mmoja mwembamba, mchanga. Mmoja mnene, uliokomaa. Masika yalikaribia, na wanyama walitaka kuvuka kufuata malisho. Kupima miti ya kuvukia ilikuwa kazi ya ukoo wa Kigong'ota, na kazi ile ilikuwa na lugha yake. Maneno mawili tu. Ko: mti umejaa, pita. Po: mti una uwazi ndani, usipite. Lugha finyu! Haisimulii, haitanii, haiwezi hata kuomba maji. Lakini ko haikupata kuwa po hata siku moja.

Nje ya ukoo huo, hakuna aliyeijua. Naye Kigong'ota alipenda iwe hivyo.

Akagonga mti mwembamba. Ko! Ko! Ko!

Akagonga mti mnene. Po. Po. Po.

Nyani, msimamizi wa kivuko, akapaza sauti: "We Kigong'ota! Ko-po, ko-po, unatwanga kisamvu? Tunayo lugha yetu sote, pana kama mbuga. Sema kwa hiyo!"

Wanyama wakacheka, kwa kwa kwa!

"Hiyo ni ya barazani, Bwana Nyani. Hii ni ya kupimia."

"Basi tufundishe."

"Aijuaye ni aliyezaliwa nayo."

Bi Kongoni, ambaye yeye na mumewe hulala chini ya mti anaoishi Kigong'ota, akasema kwa upole: "Jirani, tuambie tu. Mvua haitungoji."

Kigong'ota akalegea. Akaanza, kwa lugha pana: "Ule mnene ni mti mzima..."

Alitaka kusema: mzima kama mtu mzima, aliyekula chumvi nyingi, na uzee wa mti huanzia moyoni. Lakini Nyani alilidaka neno hewani.

"Mzima! Mmesikia? Mzima, hauna ugonjwa!"

"Mzima! Mzima!" wakaitikia wote.

Kigong'ota aliudhika kwa kukatizwa. Akafumba mdomo. Wataniuliza, akajiambia.

Hakuna aliyemwuliza.

Bi Kongoni akatangulia juu ya mti mnene. Ti! Ti! Ti! Alipofika katikati, Kigong'ota alizisikia kwato zikisema po, kile kile ulichokisema mdomo wake ulipogonga. Hofu ikamfutia maneno yote ya lugha pana. Likabaki lile moja.

"Po! Po! Po!"

Bi Kongoni akainua kichwa, akatabasamu. Alidhani anaagwa.

"Ahsante, jirani!"

Akapiga hatua. Kacha! Chubwi! Mto ukafunga mlango wake.

Bwana Kongoni alisimama ukingoni hata maji yakatulia. Kisha akauliza, bila hasira: "Jirani, po maana yake nini?"

Kigong'ota akamweleza. Pumzi moja ilitosha.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Neno fupi hivyo. Mke wangu angelijifunza huku anakunywa maji."

Kigong'ota akarukia mti mwembamba, akaugonga mbele ya wote: Ko! Ko! Ko! Nyani naye alikuwa ametazama chini.

Tangu siku ile, vigong'ota hugonga mbele ya wote, na wavukao huitikia ko au po kabla ya kukanyaga. Kisha ndipo huulizana, kwa lugha ya barazani, kwa nini na tangu lini.

Nanyi wajukuu, hata mnaoandika programu za kompyuta na kuzipima, shikeni hili. Lugha pana hujenga kila kitu, lakini neno lake moja huweza kubeba maana mbili. Lugha finyu ya kupimia haidanganyi, lakini asiyefundishwa haimwokoi. Chagueni mtakayo, ila anayevuka aielewe kabla ya kuvuka.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni. Na wale wasemao kwamba Bi Kongoni alichukuliwa na mafuriko, wamekosea. Mvua ilikuwa haijanyesha. Mto ulikuwa umetulia kabisa.