Isale Getini kwa Mzee Aikaeli

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, maana shule niliikimbia kabla walimu hawajafika huko, palikuwa na vijana wawili, wanaume wote, waliopendana. Elinami alikuwa Mchaga wa Rombo. Kirigha alikuwa Mtaita wa Voi, ng'ambo ya mpaka, Kenya. Waliishi Voi, nyumba moja, kitanda kimoja. Umeguna? Guna tena, mimi naendelea.

Elinami akaugua, akafa. Kirigha akamvusha mpaka kumrudisha kwao, maana Mchaga huzikwa kihambani, kwenye migomba ya baba yake.

Getini, Mzee Aikaeli, baba wa marehemu, akasema, "Mwanangu aingie. Wewe Mkenya baki hapo hapo."

Ndeshi, dada wa marehemu, akakimbia akakata jani la isale, akalifunga fundo. "Shika, shemeji. Mkosaji akileta isale, Mchaga hana ruhusa ya kukataa kusamehe."

Kirigha akalishika.

Mzee akalitazama lile fundo. "Mila siivunji. Nitapokea. Ila taja kosa lako, watu wasikie. Sema ulimpotosha mwanangu."

"Sema tu, shemeji!" Ndeshi akanong'ona. "Ni maneno tu. Utamtupia udongo."

Kirigha akalitazama jeneza. "Nilimpikia. Nilimwogesha alipokuwa hajiwezi. Leo niseme nilikosa, naye yuko hapa?"

Akakataa, akaliweka isale juu ya jeneza.

Mama wa marehemu akatoka nje ya geti, akalichukua lile isale, akapiga magoti vumbini, akamkabidhi Kirigha kwa mikono miwili. "Mwanangu, nisamehe mimi. Mlinialika kwenu, nikaogopa kuchekwa."

Kirigha akalipokea, machozi yakimtoka. Jeneza likaingizwa, Mzee akalifunga geti, mkewe akiwa nje.

Ndani, Mzee alikataa kusaidiwa. Alifukia mwenyewe, analia, mpaka koleo likamponyoka. Ndeshi akatupa udongo mara mbili: "Huu wangu, kaka. Huu wa mume wako, wamemfungia nje." Nje, mama na Kirigha wameshikana mikono, wanasikia udongo ukigonga sanduku, hawaoni kitu.

Haya, nyie mnaojua kila kitu. Baba ndiye aliyefukia. Dada alitupa udongo wa mtu asiyekuwepo. Mama aliliacha kaburi la mwanawe asimwache peke yake aliyependwa na mwanawe. Na Kirigha alilikosa kaburi kwa kukataa kumkana aliyelala humo.

Je, nani alimzika Elinami?