Paka Aliyerudi na Harufu ya Ugenini

Paukwa.

Pakawa.

Paka wa nani? Paka wa Bi Somoe, na habari zao ndizo nilizokuja nazo. Mwenye masikio na asogee, mwenye usingizi na aegemee ukuta.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakawasikia, palikuwa na msuka mikeka jina lake Bi Somoe. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na paka wawili wa tumbo moja: Kaniki, mweusi kama jina lake, na Tui, mweupe kama jina lake. Walikula pamoja, walilala pamoja, walirambana masikio.

Siku moja Tui akachomwa na mwiba, mguu ukavimba. Bi Somoe akampeleka kwa tabibu wa mtaa wa pili. Tabibu akautoa mwiba, akamwosha kwa maji ya majani, akamlaza siku tatu katika banda la mbuzi wake. Siku ya nne Bi Somoe akamrudisha nyumbani.

Kaniki akamlaki mlangoni. Akanusa mara moja, manyoya yakamsimama.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi Tui, ndugu yako."

"Tui hanuki mbuzi. Tui hanuki dawa. Tui umempeleka wapi?"

Akamrukia. Bi Somoe akatia mkono kati awaamue, akang'atwa hata damu ikamtoka.

Mara ya pili walipigana jikoni. Bi Somoe akashika ufagio, akampiga Kaniki. Kaniki akasema moyoni, "Tangu aje mgeni huyu, mimi napigwa." Akazidi kumchukia.

Mara ya tatu Bi Somoe akawafungia chumba kimoja. "Malizaneni wenyewe," akasema. Alipofungua, Tui alikuwa juu ya kabati anatetemeka, sikio limechanika.

Jirani yake, Mwana Hidaya, akachungulia uani. "Shoga, mtie huyo mweusi kapuni, ukamwache ng'ambo ya mto. Paka akishaota ukali hauachi."

Bi Somoe akaleta kapu. Lakini kabla ya kumtia, akachuchumaa mbele yake. "Kaniki, nduguyo alikukosea nini?"

"Ndugu yangu hakunikosea," Kaniki akajibu. "Ndugu yangu hayupo. Namngojea arudi, na yule mgeni amekalia mahali pake."

Bi Somoe akaona haya. Kumbe alikuwa akimpiga anayemlilia nduguye. Akalirudisha kapu ukutani.

Akawatenga. Kila mmoja akampa chumba chake, maji yake na mchanga wake wa kuendea haja, mlango wa kati umefungwa. Akachana leso kuukuu vipande viwili. Kimoja akamfutia Kaniki mashavu, akakitandika alipolala Tui. Cha pili akamfutia Tui, akampelekea Kaniki. Sahani za samaki akaziweka kila upande wa mlango, mbali kwanza, kisha akawa anazisogeza kidogo kidogo.

Siku ya kwanza Kaniki akakifokea kitambaa, akala amekipa kisogo. Siku ya tatu akakipita bila neno. Siku ya saba Bi Somoe akamkuta amekilalia, na sahani zimegusa mlango.

"Mpaka lini, shoga?" Mwana Hidaya akauliza.

"Mpaka pua yake iridhike."

Siku ya kumi akaufungua mlango kiasi cha kupita kichwa. Safari hii hakutia mkono. Alishika mkeka tu, tayari kuutia kati yao. Kaniki akanusa mguu, akanusa sikio lenye kovu, akanusa tena.

"Tui," akasema, "ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nilikuwa hapa hapa," Tui akamjibu.

Lakini hakusogea. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Bi Somoe hakumlazimisha. Kila jioni alifungua mlango kidogo zaidi. Mvua za masika zilipokwisha ndipo Tui akakubali kurambwa sikio.

Basi, wasikilizaji wangu, ndugu akimgeuka nduguye ghafla, usikimbilie fimbo wala kapu. Watenge wanaogombana, tafuta kilichomgeuza, kisha wapatanishe polepole.

Yangu yameishia hapa. Yaliyo matamu gawaneni, yaliyo machungu niachieni mimi niliyeyaleta.