Kisu cha Natujwa

Mama mmoja alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa anaolewa Februari, katikati ya kiangazi, wakati hata majani ya migomba yanajikunja. Mama huyo aliitwa Natujwa. Hakuwa na zawadi kubwa ya kumpa mwanawe, ila alitamani siku hiyo kanisa lijae maua hadi watu wabaki midomo wazi. Basi akagawana pakiti moja ya mbegu za zinia na wifi yake Ndeshi, dada wa mumewe, aliyepakana naye nyumba. Zinia haiogopi jua. Wakapanda siku moja, kila mtu kwake, wakaahidiana kwamba maua yote ni ya harusi. Na wote wawili walikuwa na bidii, lazima niseme. Walimwagilia alfajiri, maji shinani, si juu ya majani yasije yakashika ukungu.

Yalipochanua, mekundu, ya njano, ya waridi, Ndeshi alizungushia tuta lake matawi ya miba. Kisu akakitundika ukutani. Akatangaza kwamba hapo halikatwi hata ua moja mpaka harusi, na Ndeshi akisema amesema.

Natujwa naye alikuwa na nia hiyo hiyo. Lakini, jamani, tuta lake lilikuwa njiani. Akapita jirani anayekwenda kumwona mumewe hospitali. Natujwa akakata. Wakaja wazee wa kanisa, madhabahu haina kitu. Akakata. Asubuhi moja akaja baba mmoja aliyefiwa na mtoto, akasimama tu, hata kuomba hakuweza. Natujwa akakata yote yaliyokuwa yamefunguka, akayakata chini kabisa ili mabua yawe marefu ya kushikika. Kisha akaingia ndani akalia. Alimlilia yule mtoto, na alimlilia binti yake pia. Ndeshi akamcheka kama mawifi wanavyochekana, akasema harusi hii itapambwa kwa vijiti. Natujwa akachukua maji akavimwagilia vile vijiti. Aliogopa kweli.

Ikafika wiki ya harusi. Maua ya Ndeshi yalikuwa yamesimama bado ndani ya miba, ila yamekuwa ya kahawia, makavu, yamejaa mbegu. Na zinia ikishakomaza mbegu huona kazi yake imekwisha, haihangaiki tena kuchanua. Kwa Natujwa, kila palipopita kisu palikuwa pametoka matawi mawili, na kila tawi lina ua. Alijaza ndoo saba, na tuta halikuonyesha pengo.

Ndeshi akaja na ndoo yake tupu, kichwa chini. Alingoja kusemwa, na alistahili. Natujwa akamwekea kisu mkononi.

"Wifi," alisema, "mimi nilidhani nagawa. Kumbe nilikuwa napogoa."

Wakakata pamoja mpaka jua likawa kali, na Jumamosi binti akaolewa kati ya maua. Mimi humheshimu mama yule kwa jambo moja: alikata kabla hajajua. Nawe uliyepewa tuta linalochanua, kisu chako umekitundika wapi?