Hondohondo Aliyehama Nusu

Paukwa!

—Pakawa!

Mbona sauti za uji? Leo hamkula? Paukwa!

—Pakawaaa!

Ehee, hapo sawa. Pakawa kwenu mlioketi, na pakawa kwa waliohama, huko huko waliko. Sogeeni. Wewe Siwatu, mpishe mwenzako mkekani, mkeka si wako peke yako.

Zamani, zamani hasa, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na Hondohondo na mkewe, Bi Tunu. Hondohondo mnamjua. Mdomo mkubwa, na akiruka mabawa yanapiga kelele, vuu! vuu! vuu! Huyo hawezi kuwa mwizi, atasikika tu.

Nyumba yao ilikuwa tundu ndani ya mvule. Nyumba jamani! Asubuhi jua linaingia mpaka ndani, linakaa kidogo, linatoka. Ukutani pana alama za midomo ya watoto wote waliokulia mle. Mlangoni pana kifundo ambacho Hondohondo alikuwa akinolea mdomo, kimekuwa laini, kinang'aa. Ningekuwa ndege ningeipanga nyumba ile.

Sasa, hondohondo wana desturi yao. Mke akikaribia kutaga, anaingia tunduni. Mlango wanauziba kwa udongo, yeye ndani, mume nje. Wanaacha upenyo mdogo tu wa kupitisha mdomo. Mle ndani mke ananyonyoka manyoya ya mabawa, hata akitaka kuruka hawezi. Anaatamia. Chakula chote analetewa na mume. Mume akija anaimba:

*Hondo, hondo, nimerudi!*

Na mke anajibu kutoka ndani:

*Tia, tia, tunangoja!*

Haya, imbeni nami. Tena. Hivyo hivyo.

Basi, masika moja radi ikaupiga ule mvule. Kraaa! Ukapasuka kutoka juu. Mvua ikinyesha, maji ndani, to, to, to, kitandani kabisa.

"Tunahama," akasema Bi Tunu.

"Tutaziba," akasema Hondohondo.

"Utaziba radi, baba? Nakaribia kutaga. Tunahama."

Bi Tunu alikuwa mtu wa kazi, msimwone vile. Akavuka mto, akapata tundu kwenye mninga. Hakuingia kichwakichwa. Kwanza akagonga, ko! ko! ko!, asikie kama mti ni mzima. Akachungulia pembeni. Nyoka? Hakuna. Siafu? Hakuna. Akangoja mvua inyeshe aone maji yanapita wapi. Ndipo akasema, hapa. Akarudi mvuleni, akafagia, maana kuondoka ukamwachia mwenzako taka zako ni aibu, na wapo watu humu nawajua. Akabeba magome makavu ya kutandika. Akamuaga jirani yake, Mama Kindi, aliyekaa shinani.

"Jirani, watu wakiniulizia, niko ng'ambo ya mto, kwenye mninga."

"Nitawaambia, mwenzangu. Nitakukosa."

Wakakumbatiana, wakalia kidogo, kisha wakachekana kwa kulia. Ndipo Bi Tunu akamgeukia mumewe.

"Baba, njoo uizoee njia. Ruka uende, ruka urudi. Nikishafungiwa sitatoka kukuonyesha."

"Mimi?" Hondohondo akavimba. "Mimi nionyeshwe njia ya kwangu? Hebu tuzibe mlango, mama."

Wakavuka hadi mningani, wakaziba. Bi Tunu akataga.

Asubuhi Hondohondo akatoka, vuu! vuu! Akadondoa matunda, akajaza koo. Akageuka kurudi. Na mabawa yakaenda wapi? Yakaenda mvuleni! Akafika, akashtuka. "Aa! Nimehama mimi!" Akacheka peke yake, akageuza, akavuka mto.

Kesho yake, mvuleni tena. "Aa! Nimehama mimi!" Lakini sasa hakugeuza mara moja. Akatua kidogo. Akanoa mdomo kwenye kile kifundo, kwi, kwi, kwi. Akasikia raha.

Keshokutwa akatua kwa makusudi. Akatazama zile alama ukutani. Hii ya yule mkorofi wa kwanza. Hii ya yule aliyekataa kula panzi. Wote wameruka, wako mbali huko, wana watoto wao. Hondohondo alipakumbuka, jamani, alipakumbuka hadi kifua kikamuuma. Na hakumwambia mkewe. Bi Tunu akiuliza, "Mbona umechelewa?" yeye anajibu, "Matunda siku hizi yako mbali."

Ninyi akina baba mnaocheka huko nyuma, sijamtaja mtu.

Ikaja asubuhi moja, mvua imekatika, jua limetoka, majani yananukia. Asubuhi kama zile za mvuleni. Na asubuhi hiyo hiyo, kule mningani, mayai yakapasuka. Chwi! chwi! Makinda, uchi kabisa, macho hayajafunguka, midomo wazi.

"Ngojeni, wanangu," akasema Bi Tunu. "Baba anakuja sasa hivi."

Baba alikuwa njiani, koo limejaa. Ile harufu ya majani ikamchukua. Akatua mvuleni, akafumba macho, akaimba:

*Hondo, hondo, nimerudi!*

Ndani ya tundu kitu kikalia, nyii! nyii! Vinywa vikafunguka gizani. Hondohondo hakufikiri hata chembe. Miaka yote tundu lile likilia, yeye hutia. Akatia. Tunda, vikala. Tunda, vikala. Akaruka kutafuta mengine, akarudi, akaimba, akatia. Moyo mweupe! Anajiona baba wa mababa.

Kule mningani jua likapanda. Hakuna mtu. Bi Tunu akaanza kuimba yeye:

*Tia, tia, tunangoja!*

Kimya.

Jua likafika utosini. Makinda wakalia, wakalia, kisha sauti zikaanza kupungua. Enyi mama zangu mnajua, mtoto anayelia njaa anatisha, lakini anayeacha kulia anatisha zaidi. Bi Tunu akawaza, kashikwa na kipanga. Mume wangu kafa. Akautazama ule ukuta wa udongo. Niuvunje? Nje ngedere amekaa tawini, anajikuna, anangoja, na mabawa sina. Nisiuvunje? Watoto wananifia hapa hapa.

Akaanza kudonoa. Ko. Ko. Ko. Udongo ukamomonyoka. Ngedere akasogea.

Wakati huo huo, mvuleni, Mama Kindi akarudi kutoka matembezini. Siku za jua alikuwa akiwapandisha wanawe tunduni mle waote joto. Akawakuta matumbo yamejaa, wanajilamba. Akainua macho, akamwona Hondohondo mlangoni, tunda mdomoni.

"Jirani, asante kwa wema wako," akasema. "Lakini Tunu amekula nini leo?"

Tunda likamdondoka. Pu!

"Tunu," akasema Hondohondo. "Mama yangu! Tunu!"

Akataka kuruka.

"Usiende mdomo mtupu, we!" Mama Kindi akakimbilia akiba yake, akamjazia koo, sukuma, sukuma. "Haya, ruka! Ruka, jirani!"

Vuu! vuu! vuu! vuu! Akavuka mto. Akafika mningani. Ngedere amekwisha kuingiza mkono kwenye tobo, anapapasa. Hondohondo akamshukia na ule mdomo, pa! Mgongoni. Pa! Kichwani. Ngedere akapiga yowe, akaanguka tawi hadi tawi, akatokomea.

Hondohondo hakuimba. Alitia tu. Akatia, akatia, bila neno. Makinda wakameza, wakanyamaza. Kisha, chwi! chwi! chwi!, wakaanza tena kudai kwa nguvu zao zote, na Bi Tunu akashusha pumzi.

Ndipo akauliza, "Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani," akasema Hondohondo.

Neno lilimtoka kabla hajalishika. Bi Tunu akatoa mdomo upenyoni.

"Na sisi tuko wapi?"

Hondohondo akalia. Ndiyo, alilia, mwanamume mzima na mdomo wake ule. Akasema yote, kifundo, alama, watoto wa Kindi. "Nimepakumbuka, Tunu. Huku kila kitu kigeni. Hata upepo sijauzoea. Nimepakumbuka mno."

"Unadhani mimi sipakumbuki?" akasema Bi Tunu. "Mchana kutwa nimo humu gizani nawaza jua la mlango ule. Mayai nimeyasimulia mvule tangu siku niliyotaga. Ungeniambia, baba. Tungepakumbuka pamoja, mimi humu, wewe hapo tawini. Umeenda kupakumbuka peke yako, na wanao nusura wafe."

Hondohondo akafuta machozi. Akashuka mtoni, akachota udongo, akaliziba lile tobo vizuri. Jioni ile hakwenda popote. Alikaa mlangoni, mdomo upenyoni, wakausimulia ule mvule, yeye neno, mkewe neno, hadi wakacheka, na makinda wakalala wakisikia. Na asubuhi, kabla ya lolote, akaruka akaenda, akaruka akarudi, kutoka mtoni, kutoka kilimani, hadi mabawa yakajua.

Makinda wakakua. Bi Tunu akaota manyoya mapya, wakauvunja ukuta, wakatoka wote. Siku ya kwanza yule mkubwa aliruka na baba yake mbali sana. Wakapita hata juu ya mvule. Baba akageuza shingo kuutazama. Mtoto hakuutazama, kwake ulikuwa mti tu.

Jua likaanza kushuka. Baba akafungua mdomo ili amwonyeshe njia. Mtoto amekwisha geuka, vuu! vuu!, anakwenda.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Nyumbani, baba," akasema mtoto, na akashika njia ya mninga moja kwa moja. Hondohondo akamfuata nyuma.

Basi, enyi wenzangu, wakubwa na wadogo, ukihama, kagua unakoingia, fagia unakotoka, waage majirani. Lakini na wewe mwenyewe uhame. Kupakumbuka ulikotoka si kosa, mimi hadi leo napakumbuka kwetu. Ila pakumbuke pamoja na wenzako, ukiwa umekwisha kuwalisha wanao.

Hadithi yangu imefika ilikokuwa ikienda. Mimi nainuka, nanyi kunjeni mkeka.