Kwa Nini Nzi Husugua Mikono Mikavu

Mfukuzeni huyo nzi kwenye uji, kisha mnisikilize. Na wewe Tindwa, unayesema umenawa, tulia hapo hapo. Nina neno na wewe baadaye.

Enzi hizo Nzi hakuwa wa kufukuzwa. Alikuwa mkimya, akikaribishwa kila jikoni, hata wagonjwa aliachiwa awalishe. Ndipo ukaja mwaka wa kuharisha. Watoto walikauka midomo, wengine wakazikwa, na kwa mama mmoja, Sikudhani, akabaki mtoto mmoja tu, Hidaya, naye mgonjwa kitandani.

Kijijini alikaa mwalimu mzee kutoka Bara Hindi, Keshavji. Aliwafundisha wanakijiji kumpa mgonjwa uji mwepesi wenye chumvi, na anayelisha anawe kwa maji na majivu. Ili wasinawe kwa pupa, akawapa msemo wa Kisanskriti wa kwao, wenye neno shaucham, yaani usafi. Sugueni mpaka msemo uishe, alisema. Nzi aliushika kabla ya watu wote. Jamani, sauti alikuwa nayo!

Siku ya tatu ya uji huo Hidaya akaanza kupata nafuu, na kuni zikaisha. Sikudhani akalazimika kwenda porini.

"Mpe uji kijiko kimoja kimoja," alimwambia Nzi. "Lakini unawe kwanza, kaka yangu, nakuomba."

"Dada, huo msemo si mimi ninayewakumbusha nyie?"

Nzi alikuwa ametoka jaani. Akasimama kando ya mtungi, akausema msemo wote, asikosee hata neno. Maji hakuyagusa. Akachukua kijiko.

Sikudhani aliporudi alasiri, macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, naye akilia bila machozi. Akapiga ukelele. Keshavji akaja mbio, akamtazama mtoto, akamgeukia Nzi.

"Umenawa?"

"Nimeusema wote, mwalimu."

"Nimekuuliza maji."

Nzi akainamisha kichwa.

"Ole wangu! Mwanangu umemlisha maneno!"

Sikudhani hakumpiga, maana muda haukuwapo. Alinawa mpaka viwikoni, akaanza upya. Kijiko, akasubiri. Kijiko, akasubiri. Mtoto akatapika vyote. Akaanza tena. Majirani walijaa mlangoni, wote wakimtazama mtoto shavuni. Jua likielekea kuzama, Hidaya akalia, na chozi likatoka. Likafuata la pili. Sikudhani akakaa chini pale pale, naye akalia.

Ndipo Nzi akauendea mtungi, mikono mbele, anawe sasa. Sikudhani akawahi kuufunika.

"Humu hunawi tena."

Na tangu siku hiyo mitungi hufunikwa, na nzi kila anapotua husugua mikono yake mikavu, anasugua na kusugua, hana maji. Akiruka huuvuma ule msemo masikioni mwetu. Anaujua wote mpaka leo.

Haya, Tindwa. Usiniambie umenawa. Lete mikono.