Aanzaye na Nyeusi Humwaga Mto

Mmemsikia fundi wenu asubuhi akiwaambia, "Aanzaye na nyeusi humwaga mto," nanyi mkacheka mkidhani anawasema kwa kuchafua beseni la batiki. Wekeni vitambaa chini kidogo, wanangu. Neno hilo lilitoka msibani, na lilitoka hivi.

Hapo zamani, Kwemshiwi palikuwa na kiwanda cha kutia nguo rangi, matangi ya saruji yamepangwa kando ya mto. Mwenyewe aliitwa Shekigenda. Alikuwa mtu wa heshima, na heshima yake ilionekana zaidi kwa wafiwa. Mtu akifa popote bondeni, ndugu walikuja kwake na vitambaa vya kutiwa weusi, wanawake wapate kaniki za kukalia matanga. Shekigenda aliwaambia wafanyakazi wake, "Nguo ya msiba haikai foleni." Basi hata kama tangi lilikuwa linangoja njano, nyeusi ilitangulia.

Sasa, nyinyi mnaijua nyeusi. Ikishapita, hakuna rangi nyingine inayokubali kuifuata. Walichomoa kizibo, maji yote yakaenda mtoni. Wakasugua tangi, wakasuuza, wakamwaga. Wakasuuza tena, wakamwaga. Ndipo njano ikaingia. Kesho mfiwa mwingine, na kazi ni ile ile.

Chini ya mto aliishi dada yake mkubwa, Mashavu, pamoja na mama yao mzee. Siku moja Mashavu alipanda mpaka kiwandani.

"Mdogo wangu, maji yanatufikia meusi. Mama anauliza kama huku juu mnaoga makaa."

Wafanyakazi wakacheka. Shekigenda naye akacheka. "Mwambie mama nawastiri wafiwa."

"Wastiri. Lakini sufuria moja hupikiwa chai kwanza, samaki baadaye. Wewe unaanza na samaki, kisha unamaliza maji ya mto mzima kuondoa shombo. Ungeanza na njano, ukaongeza nyekundu humo humo, ukaja hudhurungi, nyeusi ikafunga siku, ungemwaga mara ngapi?"

"Dada, nimwambie mfiwa angoje mpaka jioni? Watu watanionaje?"

Mashavu alijitanda khanga yake, akashuka.

Miezi ikapita. Alfajiri moja kijana wa jirani alileta habari: mama amefariki usingizini, na mazishi ni leo hii baada ya sala ya alasiri. Shekigenda alikaa juu ya ukingo wa tangi, akalia. Kisha akainuka.

"Mama yangu hataliliwa na watu waliovaa nguo za kuazima," alisema. "Leteni marobota. Kaniki za ukoo mzima."

Wakatia nyeusi matangi yote. Nguo zilipotoka, akajitwika mabegani zikiwa bado na unyevu, akashika njia ya mkato ya mlimani. Nyuma yake wafanyakazi walifanya walivyozoea. Wakachomoa vizibo.

Alipofika aliwakuta wanawake wamesimama uani. Ndoo zimepangwa mlangoni. Alidhani mama ameshaoshwa.

"Bado," alisema Mashavu.

"Bado? Jua limefika hapa! Mnangoja nini?"

Mashavu alimshika mkono, akamwinamisha juu ya ndoo. Maji yalikuwa meusi kama kaniki alizobeba. Shekigenda aliona uso wake humo.

"Tunangoja maji, mdogo wangu," dada yake alisema taratibu. "Umemletea mama nguo za kumlilia. Maji ya kumwosha umeyachukua."

Nguo zikamponyoka mabegani. Hakuziokota. Alichukua ndoo mbili, akaenda kwenye chemchemi ya ng'ambo ya kilima, akapanda na kushuka, akapanda na kushuka, watu wakimpisha njia. Alasiri ikapita mama hajatoka ndani. Alizikwa giza likiingia, na waliotoka mbali walikuwa wameshaondoka.

Matanga yalipoanuliwa, Shekigenda alirudi kiwandani. Asubuhi hiyo hiyo wakaja wafiwa, vitambaa mikononi. Wafanyakazi wakaanza kukoroga nyeusi.

"Acheni," alisema. "Tieni njano."

Mzee mmoja kati ya wafiwa akaghadhibika. "Shekigenda! Na wewe uliyefiwa juzi?"

"Ndiyo, baba, mimi niliyefiwa juzi. Kaniki zenu mtazipata jioni, na sitawatoza kitu. Lakini aliyelala kwenu anahitaji maji kabla hamjahitaji nguo. Nendeni mkateke sasa, mto ungali safi."

Yule mzee aligeuka akautazama mto. Akavua kofia, akawatuma wenzake wakateke maji, yeye akaketi kungoja.

Tangu siku hiyo nyeusi ilifunga kazi. Tangi lilimwagwa mara moja tu kwa siku, tena shimoni, penye mchanga na majivu, mbali na mto. Na kila kijana mpya aliyeajiriwa pale, kabla hajashika mwiko wa kukorogea, Shekigenda alimpeleka ukingoni, akamwonyesha yanakoelekea maji, akamwambia lile mlilolisikia leo: aanzaye na nyeusi humwaga mto.